Jaribu kiraka kabla hujakituma

Ndugu yangu wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), umesema kiraka chako, yaani mabadiliko yako madogo ya msimbo, kimeondoa hitilafu kwenye kompyuta yako, ila unasita kukituma kwenye mradi wa programu huria. Unasita kwa haki. Andika jaribio dogo linaloibua hitilafu hiyo. Liendeshe bila kiraka: lazima lifeli. Weka kiraka: lipite. Likipita mara zote mbili, halipimi kitu.

Kisha pakua nakala safi ya msimbo wa mradi kwenye folda nyingine. Ukitumia Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, amri ya git clone --depth 1 itakuokolea bando, maana hupakua toleo la mwisho tu bila historia. Ingiza kiraka kwa amri ya git am, jenga upya, endesha majaribio yote. Hapo ndipo faili uliyosahau kuiongeza kwenye kiraka hujulikana.

Hitilafu ikigusa usalama, usiitangaze hadharani: soma faili ya SECURITY ya mradi, uwaandikie watunzaji wa mradi kwa faragha.