Mpishi naye anataka kuona goli: maswali yenu ya vitafunwa vya siku ya mechi

Wiki iliyopita nilisema hapa kwamba kwangu Chuno, hapa Mtwara, siku ya Simba na Yanga, jiko linafungwa nusu saa kabla ya mpira, na baada ya hapo mwenye njaa ale korosho anyamaze. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimeingia mpaka simu ikawa ya moto, nusu yake maswali, nusu yake masimango, na moja imeniita mchoyo.

Sheria yenyewe haikuja bure. Jumapili ya Novemba 5, 2023 nilikuwa na wageni tisa sebuleni na mimi nipo jikoni nakaanga bagia, Yanga wakafunga dakika ya 3 nikiwa na chujio mkononi, nikasema sio mbaya, mpira bado mbichi. Kibu wetu wa Simba akasawazisha, hilo nalo nikalisikia kwa kelele za ukutani. Mapumziko 1-1, nikavua kanga ya jikoni nikakaa kwenye kochi na sahani yangu kama binadamu wengine, ndo nikayaona yale manne ya kipindi cha pili, yote ya kwao. 5-1. Yani goli pekee la kwetu siku ile nilikosa kuliona kwa ajili ya bagia, na bagia zenyewe ziliungua. Kwaiyo tusilaumiane, twende kwenye maswali.

Shangazi shikamoo. Wanakuja watu 12 kuangalia derby, mume wangu kaniachia elfu 20 na tabasamu. Nipike nini washibe? (Mama wawili, Masasi)

Marahaba mwanangu. Muhogo. Usihangaike na kuku hapo, kuku mmoja kwa watu 12 ni ugomvi. Chukua muhogo kilo 5 au 6, menya, kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, toa ule mzizi wa katikati, chemsha na chumvi mpaka uanze kupasuka pasuka lakini usivurugike, mwaga maji, tandaza kwenye sinia ukauke. Hiyo yote fanya asubuhi. Muhogo uliochemshwa kwanza ndo unatoka mkavu nje na laini ndani, ule unaotupwa mbichi kwenye mafuta unakuwa mgumu nje alafu katikati chokaa tupu. Saa moja kabla ya mpira washa karai, mafuta yapate moto kweli, kaanga kidogo kidogo. Ukitoa usiweke kwenye hotpoti, mvuke utaulainisha, weka kwenye ungo wenye karatasi ufunike na kitambaa chepesi tu.

Na chachandu itengeneze jana yake, ikilala inanoga: nyanya, pilipili mbuzi, kitunguu saumu, chumvi, ukwaju, chemsha mpaka iwe nzito. Kachumbari ndo ya mwisho kabisa maana inatoa maji. Chenji ikibaki nunua maembe mabichi, kata, chumvi na pilipili, watu wa kusini hapo hata mpira ukidoda hawaondoki.

Kitu kimoja tu, muulize muuzaji kama ni muhogo mtamu. Huku kwetu mashamba mengi yana ule mchungu wa kutengenezea makopa, ule una sumu ndani yake ambayo haiishi kwa kukaanga tu, lazima usindikwe na ukaushwe vizuri. Ukionja kipande kibichi kikawa kichungu, rudisha.

Pweza wangu kila siku anakuwa kama soli ya kandambili. Nataka kuwafanyia wageni mishikaki ya pweza, nakosea wapi? (Kaka mpishi, Shangani)

Swali langu hili, kaa vizuri.

Kwanza umemnunua lini? Kama umemkuta wa leo kwa wavuvi wa Msangamkuu, apigwe. Wazee wanampiga kwenye mwamba mpaka analegea na wala sio ukatili, ni kuvunja zile nyuzi za nyama. Kama huna mwamba wala nguvu mtupe kwenye friza alale huko siku nzima au mbili, barafu itakufanyia kazi hiyo hiyo kimya kimya. Najua kuna watu watasema pweza wa friza sio pweza. Nimepika wa aina zote mbili nikawapa watu hao hao na hawakujua.

Pili, acha kumwekea maji mengi na acha kumwekea chumvi mwanzoni. Msafishe, toa macho, mdomo na wino, mweke kwenye sufuria na maji kama kikombe kimoja, kitunguu, tangawizi, funika, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe mengi tu na yana chumvi ya bahari tayari. Mtu anayechemsha kwa moto mkali sufuria inaruka ruka ndo huyo anayekula kandambili. Mpe dakika 45 mpaka saa nzima kutegemea na ukubwa, alafu choma uma pale mkono unapoungana na kichwa, pale ndo pananene. Uma ukiingia bila kubishana, zima. Mwache apoe humo humo kwenye supu yake, usimtoe haraka.

Hayo yote ni ya asubuhi au jana. Siku yenyewe unakata vipande, unapaka ndimu, kitunguu saumu, pilipili na mafuta kidogo, unachomeka kwenye vijiti, mkaa uwe mkali, dakika mbili huku dakika mbili huku basi. Kashaiva huyo, unamtia rangi tu na harufu ya moshi. Ukimwacha jikoni dakika kumi kwa sababu kuna kona inapigwa, umerudi kwenye kandambili.

Ile supu usimwage jamani! Ichuje, ndimu na pilipili manga, gawa kwenye vikombe wakati wa mapumziko, dakika 15 zinatosha kabisa. Sifa zake nyingine mnazijua wenyewe na mimi sina ushahidi.

Bagia zangu za kunde zinanyonya mafuta, ukiibonyeza unaweza kukaangia yai. (Dada wa Lindi mjini)

Rojo lako lina maji mengi na mafuta yako bado ya baridi. Kunde zikishalala kwenye maji usiku, toa maganda, chuja zikauke kabla ya kusaga, na kwenye blenda weka maji ya kusukuma tu. Alafu lipige rojo kwa mkono au mwiko mpaka lijae hewa, dondosha tone kwenye kikombe cha maji, likielea lipo tayari. Kitunguu na chumvi weka mwishoni.

Shikamoo shangazi. Nipo Tandahimba, mzee ana korosho kaniambia nijichotee, nataka kuwakaangia washkaji. Nazitia kwenye oveni na maganda yake au vipi?

Marahaba baba, na hiyo oveni iache ilivyo! Kwanza hakikisha unajichotea gunia la nyumbani na sio lile lililopimwa kwenda AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, maana hapo hutakuwa na kesi na mimi.

Ganda la korosho lina mafuta makali ndani yake, ndo yale yanayobabua vidole vya kina mama wanaobangua. Ukiyapasha ndani ya nyumba yanaruka, yanashika moto, na moshi wake unawasha macho na koo hata uwe na kifua cha chuma. Nimeshaona oveni ya mtu ilivyokuwa baada ya jaribio hilo, ilinuka mpaka ikauzwa. Kama ni lazima ukaange na maganda, fanya walivyofanya bibi zetu, nje, uwanjani, kwenye bati lenye matundu juu ya mafiga, wewe upo upande upepo unakotokea, unageuza na kijiti kirefu, zikishika moto zenyewe unazimwaga chini unazizima na mchanga. Zikipoa unajipaka majivu mikononi ndo unagonga moja moja. Kazi ya mchana mzima kwa bakuli moja. Kuna ladha ya moshi pale ambayo huipati dukani, sikatai, lakini hiyo fanya Jumamosi isiyo na mechi.

Siku ya mechi tafuta zilizobanguliwa, mbichi, nyeupe. Loweka kwenye maji ya chumvi robo saa, chuja, anika zikauke kabisa. Alafu sufuria nzito, moto mdogo, bila mafuta au kijiko kimoja tu, na unakoroga bila kuondoka. Zikianza kuwa na rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, toa, usisubiri ziwe kahawia maana zinaendelea kujipika hata zikiwa kwenye sahani. Zikiwa za moto zitakuwa laini, usiogope, zikipoa zinakuwa kavu. Mwisho pilipili ya unga na ndimu iliyokaushwa ukiipata. Zinakaa kwenye kopo wiki nzima, ndo maana nasema hiki ndo chakula halali cha mpira: mkono mmoja, macho kwenye tv, hakuna mtu anayeitwa jikoni.

Klabu Bingwa Ulaya inachezwa usiku sana, watoto wamelala, sitaki kelele wala harufu ya vitunguu. Tule nini?

Kweli inatesa, miezi ya baridi ya kwao kwetu inaanza saa 5 usiku, na wakishasogeza saa zao mwisho wa Machi ndo inarudi saa 4. Chapati zilizopikwa jioni, korosho, chai ya tangawizi kwenye chupa. Bisi usithubutu, ile sufuria ikianza kupasuka utalea watoto mpaka dakika za majeruhi. Kama ni Ramadhani umepata, ukichelewa kulala daku si mbali.

Mimi ni mpangaji, nakaa peke yangu Mikindani. Juzi nimewasha mafuta ya chipsi nikaenda kuangalia penati, narudi karai linawaka moto, nikataka kumwagia maji jirani akanizuia. Alikuwa sahihi? (Bachela)

Sahihi mia kwa mia, mpelekee chipsi. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini, yanageuka mvuke hapo hapo na kurusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Zima jiko au gesi kama unaweza kufika bila kuungua, funika karai na mfuniko wa bati au sinia, alafu liache lilivyo, usifunue kuchungulia mpaka lipoe kabisa. Na usilibebe kukimbia nalo nje, hapo ndo watu wanaungua miguu. Moto ukikushinda toka wewe, chumba kitajengwa.

Na karai lijaze nusu tu. Penati we subiri marudio baba.

Juisi ya mabibo inakwaruza koo, wageni wanakunja sura. Kuna dawa? (Nachingwea)

Ipo. Ule ukakasi unashikwa na wanga. Okota mabibo ya leo leo, osha, kamua, chuja na kitambaa, alafu chukua maji mazito ya mchele uliochemshwa, yakiwa yamepoa mimina kidogo, koroga, iache itulie. Utaona vitu vinashuka chini kama tope, chota ya juu taratibu, chuja tena, sukari, ndimu, barafu. Ukakasi mwingine unapungua ukichemsha mabibo dakika chache kwenye maji ya chumvi kabla ya kukamua.

Inywewe siku hiyo hiyo. Ukiiacha mpaka kesho inaanza kuchacha na utawanywesha watu uraka, pombe ya mabibo, bila kuwaambia, na wengine hapo wametoka kuswali. Na waambie wasimwagie nguo, doa la bibo linakaa kuliko kocha yoyote wa ligi yetu.

Tunaenda Uwanja wa Majaliwa kuiona Namungo, nibebe ming'oko? (Ruangwa)

Hapana. Naipenda ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, kuliko mnavyodhani, lakini ni chakula cha kukaa chini, mikono miwili, unamenya, unachovya kwenye chumvi na pilipili, unapiga stori. Goli likiingia umeshika ganda. Kula ming'oko kabla ya kutoka nyumbani, uwanjani beba karanga.

Shemeji yangu ni Yanga wa kutupwa, anakuja kwetu kila derby, anakula kuliko wote, wakishinda anatucheka na mihogo yetu mdomoni. Nimfanyeje? (Simba jike, Mtwara)

Mdogo wangu, huyo hafukuzwi, shemeji ni shemeji. Mpe kazi ya kuchoma mishikaki ya pweza, nje, mkaa mkali, na mwambie bila yeye haiivi vizuri. Mwanzo wa kipindi cha pili.