Maswali Yenu: Foleni ya Hospitali Inaanzia Wapi?

Mwezi huu barua karibu zote zinauliza kitu kimoja, wagonjwa wanasema wanakaa sana na wahudumu wanasema wamezidiwa, na mimi niliyefanya unesi miaka mingi kwenye hospitali ya umma naamini pande zote mbili zinasema kweli. Nimechukua barua tano, majina nimeyaacha.

Sista shikamoo. Nampeleka mama hospitali mara kwa mara, tunafika saa kumi na mbili asubuhi tunatoka saa tisa mchana, na daktari tunakaa naye dakika nane tu. Hayo masaa mengine yanaenda wapi?

Marahaba mwanangu. Yanaishia kwenye benchi. Chukua saa siku moja uhesabu, utakuta mama kahudumiwa labda dakika 40 siku nzima, yaani kadi, presha, daktari, kutolewa damu, daktari tena, dawa, na zilizobaki zote alikuwa anangoja kati ya dirisha moja na lingine. Tunaiita foleni ya hospitali lakini ni foleni sita zimefuatana, na kila moja ina mkubwa wake anayeangalia ya kwake tu, maabara wanasema sisi majibu tunatoa kwa wakati, famasi wanasema sisi tunagawa haraka, na hakuna hata mmoja anayemfuata mama tangu getini mpaka anapotoka.

Inayoniuma zaidi ni ile ya kurudi na majibu. Mgonjwa kaonwa asubuhi, katolewa damu, anarudi saa sita anaambiwa apange nyuma ya watu wapya, au anajipenyeza mlangoni na watu wanaanza kugombana. Dawa yake ni rahisi kabisa, nesi wa mlangoni aingize wapya wawili kisha mmoja mwenye majibu, na asubuhi awatangazie watu wote kwamba ndio utaratibu wa leo ili asionekane anapendelea.

Alafu hilo la kufika alfajiri. Mnafika saa kumi na mbili kwasababu mnajua namba za mbele ndio zina uhakika, na daktari anaingia OPD, yaani idara ya wagonjwa wa nje, saa tatu akishamaliza raundi ya wodini, kwahiyo masaa matatu yameshapotea kabla kazi haijaanza. Tatizo hili ni la zamani mno, Uingereza mwaka 1952 watafiti Welch na Bailey waliandika kuhusu kliniki zilizokuwa zinaita watu wengi kwa pamoja kwa hofu kwamba daktari atakaa bure hata dakika moja, wakapendekeza mwanzo waitwe wawili tu na wengine wafuate kwa kuachana muda sawa na ule ambao daktari anatumia kwa mtu mmoja. Kwa wale wenye tarehe za kurudi hilo linawezekana hata bila kompyuta, kwenye kadi panaandikwa tarehe, basi iongezwe na saa. Lakini saa hiyo iheshimiwe kweli, maana mtu akija saa nne kama alivyoandikiwa akakuta wa saa kumi na mbili bado wako mbele yake, mwezi ujao na yeye atakuja alfajiri.

Kuna kanuni moja mtafiti John Little wa Marekani aliithibitisha mwaka 1961, kwamba idadi ya watu walio ndani ni sawa na wanaoingia kwa saa mara masaa anayokaa kila mmoja. Wakiingia 40 kwa saa na kila mtu akakaa masaa matano, ndani wamejaa 200. Punguza yale masaa yawe matatu, wanabaki 120, na hujamfukuza hata mgonjwa mmoja. Ndio maana hospitali ikijenga banda la kusubiria nashukuru kwa ajili ya kivuli, ila najua muda wa mama haujapungua.

Mimi ni nesi OPD. Kila kikao tunaambiwa tatizo ni uchache wa madaktari. Tukiongezewa foleni itaisha kweli?

Inategemea foleni yenyewe imeziba wapi, dada yangu. Uchache upo na siutetei, ila nimeshaona tunaongezewa madaktari wawili na watu wakaendelea kutoka jioni ileile, kwasababu maabara alikuwa mtu mmoja na mashine moja, madaktari wanne wakawa wanaandika vipimo vingi kuliko wawili walivyokuwa wanaandika, kwahiyo foleni ilihama tu kutoka mlango wa daktari ikaenda kujaa kwenye dirisha la damu. Kabla ya kuomba mtu tafuta panapobana. Chukua wiki moja, kila mgonjwa apewe kikaratasi, na kila dirisha liandike saa aliyofika na saa aliyotoka, ni hilo tu. Mwisho wa wiki mtaona wenyewe pa kwanza kushughulikia, na mara nyingi panakuwa sio pale palipokuwa panalaumiwa.

Na kuna hesabu ambayo ningependa kila mganga mfawidhi aijue. Mambo ya foleni alianza kuyapigia hesabu Erlang, mtaalamu wa hesabu Mdenmaki, mwaka 1909 kwenye simu za Copenhagen, na hesabu zilizofuata baada yake zinaonyesha kwamba kusubiri hakupandi taratibu pamoja na kazi. Chukua daktari mmoja, wagonjwa wanakuja bila miadi, kila mmoja kwa wastani anachukua dakika 10 lakini kuna wa dakika 3 na wa dakika 25. Daktari akiwa na kazi asilimia 50 ya muda wake, mgonjwa anasubiri wastani wa dakika 10. Ikifika asilimia 80 ni dakika 40. Asilimia 90, saa nzima na nusu. Asilimia 95, masaa matatu na dakika kumi! Kutoka 90 kwenda 95 ni wagonjwa wachache sana wameongezeka, ila kusubiri kumezidi mara mbili, ndio maana siku moja mambo yanaenda vizuri na kesho yake watu karibu sawasawa na wa jana wanafurika hadi nje. Anayepanga zamu ili kila mtu awe na kazi asilimia 100 ya muda anadhani anaokoa pesa, kumbe anatengeneza foleni kwa mikono yake.

Ila habari njema ni kwamba hesabu hiyohiyo inakubeba ukirudi nyuma kidogo. Toa kazi ndogo mikononi mwa daktari, fomu za kujaza, kuandika upya namba ya faili, kutafuta majibu ya maabara yaliyopotea, ukimrudishia hata dakika moja na nusu kwa kila mgonjwa umeshuka kutoka 95 hadi karibu 80. Na msiwape madaktari foleni zao binafsi, chumba namba 1 watu 30 chumba namba 3 watu wanne, tengenezeni foleni moja inayoingia chumba chochote kilicho wazi. Wale wanaomtaka daktari wao maalum kwa ajili ya ufuatiliaji wawe na siku yao.

Mwanangu alikuwa na homa kali tukakaa masaa mawili, alafu akaja mtu akapitishwa moja kwa moja mbele yetu. Hii ni haki?

Pole sana baba. Inawezekana aliyepitishwa alikuwa na hali mbaya kuliko mtoto wako, na kama ni hivyo walifanya sawa, kosa ni kwamba hakuna aliyekuja kukwambia. Lakini la masaa mawili bila mtoto kutazamwa na mtu yeyote sio sawa kabisa. Hospitali inatakiwa iwe na triaji, yaani mhudumu anayewatazama watu wanapofika tu na kuwapanga kwa uharaka wa hali badala ya muda wa kufika. Kwa mfano mfumo uliotengenezwa Afrika Kusini unatumia rangi, mwekundu anahudumiwa papo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa moja, kijani ndani ya masaa manne. Na kwa watoto Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wake wa kuwachambua mara tu wanapofika, kwasababu watoto wengi wanaofia hospitali wanafariki ndani ya masaa 24 ya kwanza.

Sasa hili nakuomba ulishike na umwambie na mwenzio nyumbani. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege, akilegea mpaka haamki vizuri, akihema kwa shida au kifua kinabonyea ndani, usikae kwenye benchi. Nenda kwa nesi yeyote aliye karibu, hata kama yuko dirisha la kadi, umwambie dalili yenyewe kwa jina. Ukisema "anaumwa sana" kila mtu pale anasema hivyo, ila ukisema "amepata degedege njiani" utaona watu wanakimbia.

Sisi ni wodi ya wanaume. Vitanda vimejaa, wagonjwa wa emajensi wanalala kwenye machela hadi usiku. Tufanye nini?

Angalieni saa ya ruhusa. Wagonjwa wanaanza kuingia asubuhi, wale wanaotoka wanaondoka saa kumi na moja jioni, kwahiyo kila siku mna masaa saba au manane ambayo kitanda kimelaliwa na mtu aliyepona anayesubiri karatasi. Raundi ianze na wagonjwa mahututi, kisha wanaokwenda nyumbani, wale wengine wafuate. Barua ya ruhusa na dawa ziandaliwe jana yake, ndugu wapigiwe simu jana yake, na mgonjwa akilazwa tu daktari akadirie tarehe ya kutoka na iandikwe kwenye faili, hata kama itabadilika. Ijumaa muwe makini zaidi maana anayekosa ruhusa Ijumaa atatoka Jumatatu. Na oparesheni za kupangwa zisirundikwe siku mbili za mwanzo wa wiki, zikisambazwa siku zote tano mtashangaa emajensi wanavyopata nafasi.

Uingereza waliweka lengo kwamba mgonjwa wa emajensi asizidi masaa manne, mwaka 2004 ilikuwa asilimia 98 ya wagonjwa, 2010 wakashusha ikawa 95. Lilisaidia kwasababu liliwalazimisha watu wa wodini kuona kwamba machela za kule ni tatizo lao pia. Lakini kukawa na wagonjwa wengi wanahamishwa dakika za mwisho kabla ya masaa manne kutimia, ili takwimu ikae vizuri. Mkiweka lengo wekeni, ila mtazame na nani amerudi hospitali baada ya siku tatu.

Natumia dawa za presha, niko sawa kwa mwaka mzima sasa, lakini kila mwezi napoteza siku nzima kuchukua vidonge. Hakuna njia nyingine?

Ipo, na imeshajaribiwa kwa watu wengi. Kwa wanaotumia dawa za VVU na hali zao ni tulivu, Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilipendekeza wapewe dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mara moja, na foleni za kliniki zikapata pumzi. Kwa presha iliyotulia hoja ni ileile, sharti kubwa stoo iwe na dawa za kutosha. Muombe daktari wako akuandikie za miezi mitatu, umuonyeshe vipimo vyako vya mwaka huu kwenye kadi. Akikubali, muulize palepale presha ikifika ngapi na ukiona dalili zipi urudi kabla ya tarehe, na ayaandike kwenye kadi hiyohiyo.