Jibu: Korosho na karanga za asali zinalegea baada ya kulala usiku mmoja

Dada, umeuliza kwa nini korosho na karanga unazooka kwa asali zinalegea kesho yake. Usizilaumu korosho, tatizo ni asali. Asali huvuta unyevu hewani, na kwa hewa yenye unyevu ya Dar hapo huna ujanja. Ipunguze. Kwa vikombe vinne vya korosho, karanga mbichi, oti na ufuta kidogo, tumia vijiko vikubwa viwili tu vya asali na robo kikombe ya sukari. Chemsha hiyo asali na sukari pamoja na kijiko kikubwa cha samli na chumvi kidogo mpaka vitokote, kisha mimina juu ya korosho na wenzake na uchanganye haraka. Tia hiliki. Mdalasini mimi siupendi humu, unafunika ladha ya korosho.

Ule moto wa oveni wa nyuzi 180 za Selsiasi uliotaja ni mkali mno, sukari inaungua karanga zikiwa hazijakauka ndani. Weka 150, dakika 25 hadi 30, ukigeuza kila baada ya dakika kumi. Ukitoa utaona bado ni laini, usirudishe kwa pupa: sukari hukaza ikipoa. Toa korosho moja, iache ipoe kabisa, itafune. Ikilia kacha, epua trei yote.

Kwa jiko la mkaa, makaa mengi yawe juu ya mfuniko, chini machache sana.

Zabibu kavu ongeza wakati wa kula, zina maji yake. Na usifungie kwenye kopo kukiwa bado na uvuguvugu hata kidogo. Hizo zilizolegea usitupe, zirudishe kwenye oveni dakika kumi.