Kabla ya kulaumu rimoti, angalia servo inakula umeme kiasi gani

Msomaji mmoja kaniandikia wiki hii: amefunga servo (mota ndogo inayogeuza usukani) ya kilo 25, yaani nguvu yake ya kusokota kwa sentimita moja, kwenye gari lake la rimoti la 1/10 (moja ya kumi ya gari halisi), na sasa kila akikata kona huku anaongeza mwendo, gari linapoteza mawasiliano kidogo kisha linarudi. Anataka kununua rimoti mpya. Ndugu yangu, tafadhali usinunue.

Servo ya nguvu hiyo ikibanwa huvuta ampea 2 hadi 3, nyingine zaidi, na BEC (sehemu inayolisha umeme risiva na servo) iliyomo kwenye ESC (kidhibiti mwendo cha mota) nyingi za bei nafuu hutoa ampea 2 tu. Volti zinaporomoka, risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) inazima na kuwaka upya. Weka gari kwenye sakafu yenye msuguano, geuza usukani kulia na kushoto harakaharaka likiwa limesimama, huku macho yako yakiwa kwenye taa ya risiva. Ikipepesa, tatizo ni umeme. Multimita usiitegemee hapa, kwa kuwa volti hushuka na kupanda kabla haijawahi kusoma. Dawa ni BEC ya nje ya ampea 5 au zaidi, kwa volti ambazo servo na risiva zote zinastahimili. Ichomeke kwenye tundu la betri la risiva, lakini kwanza chomoa pini ya waya mwekundu wa ESC unaoingia kwenye risiva na uizungushie tepu, la sivyo utakuwa na vyanzo viwili kwenye njia moja.

Halafu sikiliza servo usukani ukiwa umefika mwisho. Ikinguruma, inasukuma chuma kisichosogea, na itaungua. Washa rimoti, trimu (marekebisho madogo ya kati) iwe sifuri, ndipo ufunge mkono wa servo ukiwa wima. Anza EPA (mpangilio wa rimoti unaoweka servo igeuke hadi wapi) kwenye asilimia 60, ongeza polepole hadi matairi yafike mwisho, kisha rudisha kidogo. Fanya kila upande peke yake.

Kilo zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni za volti ya juu kabisa, kwa hiyo kwa volti 5 utapata pungufu. Gari la lami la 1/10 linatosheka na kilo 6 hadi 10, ila servo yake iwe na kasi ya sekunde 0.10 au chini kwa kugeuka nyuzi 60. Gari la kupanda mawe ndilo linalohitaji kilo 20 na kuendelea, na kasi si hoja. Hesabu pia meno ya shafti: 25 ndiyo ya kawaida, lakini servo za Sanwa na KO Propo hutumia 23, na mkono wa 25 hautakaa humo.

Kwa rimoti, chaneli 3 (yaani vitu vitatu vya kuendeshwa, kama usukani na mwendo) zinatosha wengi. Dai EPA, kumbukumbu ya magari kadhaa, na mpangilio wa kusimamisha gari mawimbi yakikatika. Uliza bei ya risiva ya ziada kabla ya kulipa, kwa sababu 2.4 GHz haimaanishi zitaelewana: kampuni ya FlySky peke yake ina mifumo mitatu ya mawasiliano, AFHDS, AFHDS 2A na AFHDS 3. Na kama gari lako lina servo ya nyaya 5, risiva ya kawaida haitaiendesha. Badilisha servo, risiva na ESC kwa pamoja.