Je, "taji" linatosha kila mahali?

Msomaji anayetafsiri habari za falme za Ulaya anauliza kama neno la Kiingereza "crown" lifasiriwe "taji" kila linapotokea, na kama tuseme "taji hili" au "taji hii".

Taji, neno lililotufikia kupitia Kiarabu, ni kwanza kile anachovaa mfalme au malkia kichwani kuwa alama ya mamlaka yake, kisha ni ubingwa, ndiyo maana waandishi wa michezo husema timu imetwaa taji au imelitetea. Nje ya hapo mfasiri hana budi kutazama kinachotajwa. Sehemu ya juu ya kichwa ina jina lake, utosi, na sioni sababu ya kuliacha. Fedha ya Sweden ni krona. Waingereza wanaposema kwamba ardhi au mashtaka ni ya "Crown", wanakusudia dola yenyewe inayowakilishwa na mfalme, kwa hiyo tuandike "ufalme", "dola" au "serikali" kulingana na muktadha.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni kwenye kitenzi. Kumtawaza mtu ni kumweka rasmi katika utawala, liwepo taji au lisiwepo, ilhali kumvisha taji ni tendo mahususi la kuliweka kichwani pake. Mfalme Willem-Alexander wa Uholanzi alitawazwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 2013 huku taji likiwa limewekwa mezani, kwa kuwa wafalme wa huko hawalivai; mwandishi akisema "alivishwa taji" atakuwa amepotosha habari. Charles wa Tatu wa Uingereza naye alirithi ufalme tarehe 8 Septemba 2022, siku aliyofariki mama yake, lakini alivishwa taji tarehe 6 Mei 2023. Anayeandika tu kwamba "alitawazwa" mwaka 2023 hajakosea, ila anaweza kumfanya msomaji adhani kwamba kiti kilikuwa wazi kwa miezi yote hiyo.

Kuhusu ngeli, Biblia ya tafsiri ya Union ina "taji ya uzima", kwa hiyo upatanisho wa I-ZI una mizizi ya kuheshimiwa na haufai kuitwa kosa. Hata hivyo, wingi "mataji" umekwisha kuenea, nami napendekeza LI-YA: taji hili, mataji haya. Anayeandika "mataji matatu" kisha akasema "taji hii" katika aya ileile anachanganya ngeli mbili.