Leza ya madoa usoni baada ya saratani ya titi
Pole dada. Umeuliza kama leza ya madoa usoni inaweza kurudisha saratani, miezi 4 baada ya kumaliza mionzi. Mwanga wa leza si kama ile mionzi ya hospitali. Hauvunji vinasaba vya seli. Hofu hiyo itue. Cha kuogopa ni ngozi yetu nyeusi kuungua, doa likarudi jeusi zaidi. Ulizia mashine ni ya nanomita (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) ngapi: 1064 ndiyo afadhali kwetu. Wajaribu kwanza nyuma ya sikio, msubiri wiki 4. Kifuani palipopigwa mionzi pasiguswe. Doa jipya au linalobadilika umbo lipimwe kwanza, maana leza hufuta rangi ikaficha ugonjwa. Na daktari wako wa saratani aridhie kabla hujalipa.