Babu aliyefia Burma na KAR: anza na wazee, mtandao baadaye

Mkuu, umeuliza kaburi la kaka wa babu yako liko wapi, aliyechukuliwa Keya (KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) wakati wa vita ya Hitler akafia Burma (Myanmar ya leo), na nyumbani ikaletwa habari ya kifo tu. Kwetu yupo wa namna hiyo, mdogo wake babu mzaa baba. Nilimtafuta mpaka nikampata.

Tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC) ni bure, na kwa vita hiyo ina waliofariki kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Lakini ukiingia na jina la ukoo mnalotumia leo, usishangae ukitoka mikono mitupu. Wengi waliandikishwa kwa jina lao na la baba, basi. Na karani aliandika alivyosikia: L ikawa R, Mw ikawa Mu. Kwa hiyo kaa na wazee kwanza. Kwetu aliyefungua njia ni shangazi yake baba, bibi aliyekuwa haoni tena. Alitaja jina ambalo marehemu aliitwa kabla ya kubatizwa, na halikuwa kwenye karatasi yoyote nyumbani. Kumbe ndilo alilokwenda nalo jeshini. Uliza pia jina la baba yake, jumbe wao alikuwa nani, na vijana gani waliondoka naye.

Ukishayapata, chuja kwa kikosi, King's African Rifles, halafu nchi, halafu mwaka. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya KAR, ilipigana kwenye bonde la Kabaw katika mvua za monsuni za 1944, ikavuka mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba. Mzee akikwambia "alikufa kwenye matope, kabla hawajavuka mto mkubwa", amekupa kipindi: kabla ya Desemba 1944. Soma rekodi moja moja bila haraka, maana baadhi zina mstari wa jina la baba na anakotoka. Wa kwetu jina lilikosewa herufi, ila baba ndiye na wilaya ndiyo.

Hapo tofautisha kaburi na jina. Ukikuta Taukkyan War Cemetery na namba za kitalu, safu na kaburi, basi amelala pale, kama kilomita 35 kaskazini ya Yangon (zamani Rangoon). Usishangae ikiwa alifia mbali na hapo: kuanzia 1951 maiti zilihamishiwa hapo kutoka makaburi ya Akyab, Mandalay, Meiktila na Sahmaw, yaliyokuwa magumu kufikika. Ukikuta Rangoon Memorial na neno "Face" (upande wa nguzo wenye jina), kaburi lake halijulikani. Jina limechongwa kwenye nguzo zilizomo humohumo Taukkyan, pamoja na wengine karibu 27,000. Wa kwetu yuko nguzoni. Mimi iliniuma sana. Bibi nilipomsomea, alisema, "Kumbe walimwandika," akataka nirudie.

Kama alikuwa wa mizinga, angalia pia meli ya Khedive Ismail, iliyozamishwa na Wajapani 12 Februari 1944 karibu na Maldives. Askari wetu wa mizinga waliozama nayo wamo kwenye East Africa Memorial, Nairobi, barabara ya Ngong.

Jina likiwa limekosewa, tume hupokea maombi ya marekebisho yenye ushahidi.

Umesema bibi yako yupo kijijini na kumbukumbu anayo. Nenda ukamrekodi kwa simu, kisha weka hapa jina la baba wa marehemu na wilaya, tutafute pamoja.